Kiuno cha Asubuhi, Kiuno cha Jioni

Kifungo cha suruali kiliruka kwenye foleni ya benki, mwisho wa mwezi, watu wamebanana na feni haifanyi kazi. Kikaangukia miguuni pa dada mwenye gauni la bluu na futi ya kupimia shingoni. Akakiokota, akamtazama mwenyewe, mpima ardhi aliyekuwa ameshikilia suruali kwa mkono mmoja.

"Mimi ni fundi cherehani, kaka. Duka langu liko hapo nyuma," alisema kwa uchovu. "Njoo kabla haijakushuka."

Akaenda, na hakukoma kwenda. Jioni suruali inabana, fundi aipanue. Asubuhi inapwaya, aipunguze. Fundi akailaumu futi yake, kisha akacheka peke yake: huyu anatafuta kisingizio. Mapenzi yakamwingia hapo.

"Unapima mashamba ya watu, kiuno chako kinakushinda?"

"Ndiyo maana nimekuja kwa mtaalamu, mpenzi."

Siku fundi alipompeleka kwa shangazi yake aliyemlea, mpima alikula maharage vijiko vichache, akanywa maziwa, akabadilika rangi. Alijifungia chooni muda mrefu, akatoka na kuondoka bila kuaga.

"Anayekikimbia chakula changu atakukimbia na wewe," shangazi alisema.

Fundi aliacha kupokea simu za mpima. Mwishowe alipokea kwa sababu mlio wenyewe ulimchosha.

"Kama unaniacha sema, nikalale."

"Ni tumbo, mpenzi. Utumbo wangu una maradhi ya kudumu. Daktari anasema hayaui, ila hayana adabu. Jioni tumbo limejaa gesi, asubuhi limenywea. Nina vidonge vya vimeng'enya, vya kusaidia kusaga chakula. Vinamezwa pamoja na tonge la kwanza. Niliona aibu kuvitoa mbele ya shangazi."

"Vinasaidia?"

"Kwa maharage na maziwa, kiasi. Mengine navumilia tu."

 Moyo ulimuuma fundi.

"Kwa hiyo zile suruali, hukuwa unakuja kwa ajili yangu?"

"Mwanzoni lilikuwa tumbo. Baadaye likitulia, nilikuwa nakula maharage makusudi bila kidonge, nipate sababu ya kuja."

Fundi akacheka mpaka machozi yakamtoka, na uchovu wake wote.

"Mjinga wewe. Jumapili tunarudi."

Alimshonea suruali mpya, nyeusi, yenye lastiki iliyofichwa kiunoni na kimfuko kidogo cha vidonge. Mezani kwa shangazi, mpima aliingiza vidole kwenye kile kimfuko, akasita.  Chini ya meza fundi akamgusa goti. Mpima akakitoa kidonge, akakiweka kando ya sahani, mchana kweupe.

Shangazi akaacha kula.

"Dawa ya nani hiyo?"

Mpima alifungua mdomo, fundi akamtangulia.

"Ya mume wangu, shangazi. Tumbo linamsumbua."

Mpima akamgeukia, kidonge bado kando ya sahani. Hilo neno, mume, hawakuwa wamelizungumza bado.

Shangazi aliwatazama wote wawili, akashusha pumzi, akainuka kwenda kuleta maji ya kumezea dawa.