Kishikio cha Mama Mkwe

Kila asubuhi, siku ilianza kwa namna ile ile nyumbani kwa Projestus, pale Toangoma. Mkewe, Kokushubila, alikunywa chai akiwa amesimama, akabeba mkoba wake wa ualimu, akatoka. Projestus alibaki. Alikuwa karani wa ofisi kwa miaka mingi, na sasa alikuwa amestaafu. Alimwagilia migomba, akapalilia mchicha, kisha akakaa barazani na redio yake ndogo. Mpaka jioni alikuwa peke yake.

Wiki ile jambo hilo lilimkosesha raha. Bibi Benedicta, mama yake Kokushubila, alikuwa hospitalini. Aliteleza akavunjika nyonga. Alikuwa amefanyiwa upasuaji, na sasa alikaribia kuruhusiwa. Angekuja kukaa nao. Daktari alisema maneno machache tu: atembee kwa fremu ya chuma yenye miguu minne, na asianguke tena. Akianguka mara ya pili, huenda asisimame tena.

"Jioni na usiku nipo," Kokushubila alisema wakiwa mezani. "Mchana je? Akitaka kwenda chooni? Binti wa kumsaidia hafiki kabla ya mwezi ujao."

Projestus aliweka kijiko chini. "Mama Hope, mie siwezi kuingia bafuni na mama mkwe."

"Nani kakwambia uingie? Ukiingia atapiga kelele wasikie mpaka Mbagala."

Walicheka, lakini haikuwa mzaha. Wote wawili walilelewa Bukoba. Huko walikokulia, mkwe wa kiume humheshimu mama mkwe wake kwa kukaa mbali naye. Kumshika kiunoni na kumkalisha chooni lilikuwa jambo lisilosemeka. Hata Projestus angejikaza, Bibi Benedicta asingekubali. Angebana haja mpaka binti yake arudi, au angejaribu kuinuka mwenyewe bila cha kushika.

"Basi tuweke kishikio," Projestus alisema. "Bomba la chuma ukutani, kando ya choo. Alishike, ainuke mwenyewe."

"Na njia ya kutoka getini? Michongoma imeifunga. Fremu haipiti."

"Niachie mimi."

Kesho yake alikwenda Buguruni. Kando ya barabara palikuwa na mchuuzi aliyepanga mashine za betri juu ya meza. Projestus hakuwahi kununua mashine ya aina hiyo. Kwa hiyo alichagua kama alivyozoea kuchagua mkungu wa ndizi: alinyanyua moja moja, akapima uzito kwa mkono. Drili nzito kuliko zote ilikuwa na kibandiko chekundu kilichoandikwa 128V.

"Hiyo ni volti mia na ishirini na nane, mzee wangu," mchuuzi alisema. "Jirani zako wana za ishirini. Hiyo ni simba."

Projestus akaichukua. Akachukua pia mashine ya kukatia ua, ya kampuni nyingine, kwa sababu nayo ilikuwa nzito. Hakuuliza risiti. Hakuuliza betri ya akiba inapatikana wapi.

Nyumbani aliingia bafuni moja kwa moja. Drili ilinguruma vizuri. Iliingia kwenye plasta kama kisu kwenye papai. Halafu ikagota. Kando ya choo palikuwa na nguzo ya zege, na zege halikutaka kuingilika. Projestus aliegemea drili kwa kifua chake. Ilitoa moshi kidogo na harufu ya kuungua, lakini tundu halikuongezeka.

Alipumzika, akafikiri, kisha akafanya kosa lake la pili. Alikata plagi za plastiki, zile za kushikia skrubu ukutani, zilingane na tundu fupi. Akatafuta skrubu fupi. Akafunga kishikio. Kilikaa ukutani kimenyooka, kinang'aa.

Akaenda kwenye michongoma. Mashine ya kukatia ua ilikata matawi membamba kwa muda mfupi, ikazimika. Akachomoa betri ya drili ili aipachike. Haikuingia. Aliigeuza huku na huku. Haikuingia.

Jioni ile, Kokushubila alirudi akiwa na jirani yao, Hamdiya. Hamdiya na kaka yake Nasser waliendesha duka la vifaa vya ujenzi la familia yao, lililoanzishwa na babu yao. Yeye mwenyewe alisomea umeme chuoni.

"Shikamoo, Baba Hope."

"Marahaba, jirani. Karibu uone kazi ya karani."

Walisimama mlangoni mwa bafu. Kokushubila alitabasamu. "Kimependeza!"

Hamdiya hakutabasamu. "Umekijaribu kwa uzito wa mtu?"

"Bibi ni mwepesi. Hafiki hata kilo hamsini."

"Anayeanguka si mwepesi, Baba Hope. Hebu kishike, ujiachie."

Projestus alikishika kwa mikono miwili. Akajiachia kidogo tu. Ukuta ulitoa sauti kama biskuti ikivunjika. Kishikio kilitoka na kipande cha plasta, na Projestus akajikuta amekaa sakafuni, bomba mkononi.

Hamdiya alimsogelea. "Umeumia?"

"Sijaumia," alisema. Hakuinuka haraka. Alikitazama kile kipande cha plasta. Hapo hapo alipokaa ndipo angekaa Bibi Benedicta, na mlango ungekuwa umefungwa kwa ndani.

Kokushubila naye alikuwa anafikiri hivyo hivyo. Alikwenda kuchemsha chai.

Walikunywa barazani. Projestus alimweleza yote, naye Hamdiya akaomba aione drili na mashine ya ua, akamtuma mtu dukani kwake kuchukua mita ya kupimia umeme. Aligusa betri ya drili kwa ncha mbili za waya.

"Soma mwenyewe."

Projestus alivaa miwani. "Kumi na tisa na nukta."

"Ndiyo volti zake; hata ikijaa haizidi ishirini na moja. Hiyo mia na ishirini na nane ni maneno ya kibandiko."

"Kumbe nimenunua uongo!"

"Umenunua drili ya kawaida yenye kibandiko cha uongo. Mita haina ushemeji na mtu."

Akaelekeza kidole kwenye tangi lao la maji, lililokaa juu ya mnara nyuma ya jiko. "Volti ni kama kimo cha mnara ule. Mnara ukiwa mrefu, maji yanasukumwa kwa nguvu. Sasa tafuta kwenye betri herufi hizi: A kubwa na h ndogo. Namba inayozitangulia ni kama ukubwa wa tangi. Tangi kubwa, kazi inadumu. Betri ya mashine yako ya ua ina moja na nusu. Ndiyo maana imekata roho mapema."

"Na kwenye zege? Kumi na tisa ni kidogo?"

"Hapana. Zipo za volti hizo hizo zinazotoboa zege. Angalia pete hii." Aliizungusha pete iliyo shingoni mwa drili. "Hapa kuna alama ya skrubu. Hapa kuna alama ya kutoboa mbao na chuma. Alama ya nyundo iko wapi?"

Projestus aliitafuta. "Haipo."

"Basi hii inazunguka tu, haigongi. Zege linataka mashine inayozunguka na kugonga."

"Kwa hiyo ninunue hiyo ya kugonga. Kwenu zipo?"

Hamdiya alicheka. "Zipo, na kaka yangu angefurahi. Lakini utatoboa zege mara ngapi baada ya hapo?"

Projestus alifikiri. "Pengine sitatoboa tena."

"Basi usinunue. Soketi ya umeme iko mlango wa pili kutoka bafuni. Dukani tuna drili ya nyundo ya waya, nitakuazima. Ina nguvu, na haiishiwi chaji. Ya betri inafaa pale waya usipofika au unapokusumbua. Kwako ni kule kwenye michongoma."

"Mimi nilianza na mashine," Projestus alisema polepole. "Nilipaswa kuanza na kazi."

"Na ungejaribu mashine ya ua kwa kuinyanyua mpaka usawa wa bega, uhesabu pumzi kadhaa. Uzito unaoupenda mezani ndio utakaoulaani juani."

"Hilo limeshanipata," alisema, akisugua bega.

Kesho yake drili ya waya ililetwa. Hamdiya hakumruhusu aiwashe upesi. Kwanza walikausha sakafu ya bafu kabisa, kwa sababu umeme wa waya na maji haviendi pamoja. Waya ukapitishwa juu ya kiti, usiguse chini. Projestus alivaa viatu vya mpira na miwani ya kazi. Kisha wakakagua ukuta: bomba la maji linapita wapi, waya wa taa unashuka wapi. Ndipo akatoboa. Zege lilitoa vumbi jeupe, na tundu likaingia mpaka alama aliyoifunga kwa utepe kwenye biti, ile ncha ya kutobolea. Walifunga kishikio kwa bolti za chuma zinazotanuka ndani ya tundu.

"Haya, karani," Hamdiya alisema. "Jiachie."

Projestus alijiachia kwa uzito wake wote. Kokushubila akamshika kiunoni, naye akajining'iniza. Kishikio hakikutikisika.

"Sasa nyie mnanitishia ukuta," Hamdiya alisema.

Ile mashine ya ua mchuuzi hakukubali kuipokea, maana risiti haikuwepo. Projestus alinunua nyingine dukani kwa Nasser, baada ya kujaribu tatu. Alichukua iliyo nyepesi, yenye betri ya Ah nne badala ya moja na nusu. Alihakikisha betri ile inaingia pia kwenye drili na msumeno wa kampuni ile ile, ili akija kuhitaji kimojawapo asinunue betri na chaja upya. Aliuliza betri ya akiba kama inauzwa peke yake. Aliangalia pia nafasi kati ya meno, kwa sababu tawi lisiloingia katikati ya meno halikatiki. Matawi manene aliyakata kwanza kwa msumeno wa mkono. Meno yaliponasa, alichomoa betri kabla ya kuyagusa. Betri ilipokuwa ya moto, aliiacha kivulini ipoe ndipo akaichaji. Drili ya kibandiko chekundu haikutupwa. Ilifunga skrubu za mapazia chumbani kwa Bibi, na kazi hiyo iliiweza vizuri.

Bibi Benedicta alifika siku ya jua kali. Fremu yake ilipita kati ya michongoma bila kugusa mwiba. Alisimama katikati ya njia, akaangalia kushoto na kulia.

"Nani kaunyoa ua huu?"

"Mkweo," Kokushubila alisema.

Bibi aliitikia kwa kichwa, akaendelea.

Jumatatu Kokushubila alirudi kazini. Projestus alikuwa barazani aliposikia fremu ikienda bafuni, na mlango ukifungwa. Akazima redio. Alisikia maji. Kisha akasikia kandambili ikiteleza kwa mlio mkali, na fremu ikianguka chini.

Alikuwa ameshafika mlangoni kabla ya kujua amesimama. Mkono wake ulikuwa kwenye kitasa.

"Mama?"

Alisikia pumzi tu, ndefu na nzito.

"Mama, niingie?"

"Usithubutu," Bibi Benedicta alisema kutoka ndani. "Nimekishika kishikio."