Gari Moshi la Udongo wa Ikombe

Puuu!

Majani yaliruka juu, majivu yakatapakaa, na wanawake waliokuwa wakichoma vyungu ufukweni Ikombe wakatimua mbio. Vigae vikaanguka mchangani kila upande.

"Ni lile dude!" alipiga kelele Marta, mfinyanzi mkubwa wa ufukwe ule. "Tuntufye! Ni lile dude la mchumba wako!"

"Mama, bado si mchumba wangu," alijibu binti yake, akijipangusa majivu usoni.

"Na kwa mwendo huu hatakuwa!"

Anyitike, kijana wa Busale, alisogea taratibu, nywele zote nyeupe kwa majivu.

"Limepasuka?" aliuliza.

"Hapana," alisema Mama Marta. "Limekwenda Morogoro. Nilikwambia nini, kijana?"

"Ulisema gari la udongo likitoka motoni zima, utanipa Tuntufye."

"Limetoka?"

"Limetoka, mama."

"Zima?"

Anyitike alitazama vigae. Hapo palikuwa na gurudumu, hapa kipande cha bomba la moshi.

"Na limetoka pamoja na vyungu vyangu vya soko la Mwaya," Mama Marta alimalizia. "Mfinyanzi hulia gaeni, lakini si gae la namna hii!"

Tuntufye aliinama kuokota vipande. Alitaka kulia na alitaka kucheka, vyote kwa pamoja. Alikuwa amemwambia Anyitike, tena zaidi ya mara moja, kwamba kitu chenye tumbo tupu hakizibwi chote. Kitoboe, la sivyo moto utakipasua. Anyitike akagoma.

"Boila, hilo tumbo la mvuke, haitobolewi! Mvuke ukivuja, gari halitembei. Mimi nimelilisha kuni kwa mikono yangu, nalijua."

Basi Tuntufye akaliziba. Mapenzi nayo yana upofu wake.

Mwaka ule wa 1911 reli ya Wajerumani ilikuwa imeshaipita Morogoro, inaitafuta Tabora. Vijana wa Unyakyusa walitembea kwenda kuifuata. Wengine walirudi na blanketi na hadithi, wengine hawakurudi. Mume wa Anyosisye, dada yake Tuntufye, alikuwa wa hao wa pili. Hakufa, wala hakuugua. Habari zilifika kwamba yuko Kilosa, ananawiri, na ameoa. Tangu siku hiyo Mama Marta aliapa kwamba mkwe wa reli hamtaki tena. Lile sharti la gari alilitoa akijua vizuri kwamba tumbo lililozibwa halitoki motoni zima.

Anyitike yeye alirudi. Alikuja Ikombe kununua chungu cha mama yake, akaona mikono ya Tuntufye inavyozunguka kwenye udongo, akasahau chungu. Akachora mchangani mnyama wa chuma anayekula kuni na kunywa maji.

"Unaweza kunifinyangia huyu?"

"Kwa nini usifinyange mwenyewe?"

Akacheka, kwa maana alijua jibu. Ikombe udongo ni wa wanawake. Mwanamume kazi yake ni kupakia vyungu mtumbwini akaviuze. Kwa hiyo ilimbidi aseme kila kitu kwa mdomo, na Tuntufye akifinyange kwa kusikia. Mtu akikusimulia kitu anachokipenda, ukakishika kwa vidole vyako siku baada ya siku, utashtukia umempenda na msimuliaji.

Kila Jumapili baada ya ibada alikuja pia Hezroni, mwenzake Anyitike wa kule relini, na hapo ndipo raha ilipokolea.

"Magurudumu makubwa ni mawili kila upande," Hezroni alikuwa akisema.

"Matatu!"

"Mawili! Au lako lilikuwa limezaa?"

"Wewe ulikuwa unapakia kokoto, Hezroni. Gari ulikuwa unaliona mgongo tu likikuacha!"

"Na wewe ulikuwa unaona moto tu! Magurudumu uliyaona saa ngapi?"

Tuntufye alikuwa akibandua gurudumu, akibandika, akibandua tena, huku akiwacheka. Alikuwa hajawahi kuona hata jiwe la reli, lakini alianza kulipenda gari lile kama jirani anayesemwa kila siku.

Baada ya ule mlipuko, Tuntufye alikanda udongo upya. Siku hizo hapakuwa na simu. Ujumbe ulikuja kwa wapiga makasia, na mpiga kasia hajui kunong'ona. Alasiri moja mtumbwi kutoka Mwaya ulikaribia, na mtu akapaza sauti mpaka kunguru wakaruka.

"Anyitikeee! Hezroni anasema hivi! Msafara wa reli unaondoka Mwaya Jumatatu ya mwisho wa mwezi! Yule dereva wako wa gari moshi amekuulizia kwa jina! Safari hii hutakuwa msaidizi, kuni zote ni zako! Anasema, lile jibu ulilomwahidi liko wapi?"

Ufukwe wote ulisikia. Mikono ya Tuntufye ilisimama.

"Jibu gani?" aliuliza.

"Waliniita nirudi."

"Lini?"

"Zamani kidogo. Kabla gari halijapasuka."

"Siku zote hizo unanieleza magurudumu, hili hukulieleza?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Niliogopa utasema niende. Halafu niliogopa utasema nisiende."

Iliuma. Tuntufye alitamani kumtupia ule udongo usoni.

"Unataka kwenda?"

"Nataka," alisema Anyitike. "Sikudanganyi. Nalipenda lile gari, Tuntufye. Nikiota filimbi yake naamka natafuta kuni. Lakini nikishaamka kabisa, nakutafuta wewe."

Tuntufye aliinamia udongo wake. Nyuma yake Anyosisye alikuwa akichambua udongo, yeye ambaye siku hizi alisema kwa nadra na kucheka kwa nadra zaidi.

"Wangu hakuniambia hata hilo," Anyosisye alisema bila kuinua macho. "Alisema anakwenda kutazama mtego wa samaki. Anayekwambia anataka kwenda, mdogo wangu, huyo bado yupo."

Mpiga kasia aliita tena kutoka majini. "Nimwambie nini?"

"Mwambie nitamjibu kwa mdomo wangu, siku hiyo hiyo!" Anyitike alijibu.

Tuntufye hakupenda jibu lile. Alilishika tumbo la gari jipya, akalizungusha polepole.

"Hebu niambie. Mvuke ukijaa kupita kiasi, dereva anafanyaje?"

"Anavuta kamba, filimbi inalia."

"Huo mlio unatokea wapi?"

"Si kwenye kitundu pale juu ya..."

Akakwama. Tuntufye akamkazia macho.

"Kitundu?"

"Kitundu," alisema kwa sauti ndogo.

"Kwenye tumbo lisilotobolewa?"

Anyitike alijishika kichwa, akaanza kucheka mpaka akakaa chini. "Laiti ningekusikiliza, vyungu vya mama vingekuwa Mwaya!"

"Sasa sikiliza. Ukizibaziba mambo tumboni, unatupasulia na sisi tulio karibu." Akachukua kijiti, akatoboa. "Mimi sitakwambia kaa, wala sitakwambia nenda. Gari nitalimaliza."

Udongo ulikaushwa kivulini. Siku ya kuchoma aliipanga Mama Marta mwenyewe, akasema Jumatatu ya mwisho wa mwezi.

"Kwa nini siku hiyo, mama?"

"Kuni zangu, moto wangu, siku yangu."

Jumatatu ilipofika, moto ulikuwa umekolea Hezroni alipovuta mtumbwi ufukweni.

"Mugonile, mama!"

"Tumeamka salama. Kaa mbali na moto wangu."

"Anyitike, twende. Wenzetu wanatungoja Mwaya."

"Gari bado liko motoni."

"Tuntufye atakutolea! Kule linakungoja la chuma, wewe unangoja la udongo?"

Mama Marta alichochea kuni polepole, kama mtu mwenye siku nzima. Tuntufye aliuma mdomo. Alikuwa ameapa hatasema kaa, na neno hilo sasa lilikuwa limemjaa kinywani.

Anyitike alichukua blanketi lake la reli, akatembea kuelekea mtumbwini.

Tuntufye aligeuza uso kwenye moto. Machozi yalimtoka, akaomba watu wadhani ni moshi.

"Shika," alisikia Anyitike akisema. "Tabora kuna baridi usiku. Hili nakupa wewe. Dereva mpe salamu zangu, mwambie nashukuru, lakini siji."

"Una wazimu?"

"Labda. Na magurudumu ni matatu."

"Mawili!" Hezroni alisema, wakakumbatiana. Kisha Hezroni akasukuma mtumbwi.

Anyitike alirudi, akachuchumaa kando ya Tuntufye. Naye Tuntufye alimsogelea mpaka mabega yakagusana.

Moto ulipofifia, Tuntufye alichukua fimbo mbichi, akaliopoa gari kutoka kwenye majivu. Lilikuwa jekundu. Bomba lake lipo, magurudumu yake yapo, na tumbo lake halina hata ufa. Wakaliacha lipoe. Mama Marta alilichukua, akaligonga kwa ukucha, likalia ti! kama chungu kizuri. Akaligeuza, akakiona kile kitundu juu ya tumbo, akakipelekea mdomo, akapuliza.

Fiiiiii!

Mbali ziwani Hezroni, ambaye upepo wa mbele ulikuwa umemchelewesha, aliacha kupiga kasia. Alisimama mtumbwini mpaka ukayumba.

"Ndiyo hiyo!" sauti yake ilikuja juu ya maji. "Anyitike! Ndiyo yenyewe hiyo hiyo!"

Mama Marta alilitazama gari, kisha akamtazama Anyitike.

"Kule kwenu relini, filimbi hii ikilia watu hufanyaje?"

"Gari huondoka, mama."

"Mbona wewe hujaondoka?"

"Mimi nimeshafika, mama."

Mama Marta alijifanya anapangusa majivu kwenye gari. Alipangusa muda mrefu.

"Basi usisimame tu hapo, mkwe wangu. Vyungu haviendi Mwaya kwa miguu yao. Na ukipita Busale, mwambie baba yako aje tuzungumze kabla sijabadili nia."

Neno lile, mkwe, lilimfikia Tuntufye polepole. Kabla hajapata la kusema, nyuma yake vigelegele vilipaa, virefu, vya mtu aliyekuwa amesahau kama anavijua. Alikuwa Anyosisye.