Maji ya Rejeta

Gari la baba lilikuwa kuukuu na rejeta yake ilivuja kidogo. Kila asubuhi, binti yake alikuwa na kazi ya kuiongezea maji kabla ya safari. Nyumbani walimwita Kiherehere, na jina lilimkaa kweli kweli.

Jumamosi hiyo ndiyo usiseme! Walikuwa wanampeleka bibi mlimani kuona maporomoko ya maji, ambayo maisha yake yote aliyasikia kwa watu tu. Kiherehere alipanda garini, akashuka, akapanda tena.

"Umeweka maji?" baba aliuliza.

"Nimeweka, baba! Twende!"

Hakuweka hata tone. Njiani kila kona aliuliza kama wamefika.

"Mjukuu wangu, umekalia siafu?" bibi alicheka.

Mlima ulipozidi kuwa mkali, mvuke ukafoka kwenye boneti. Baba aliegesha, uso umemshuka.

"Gari limechemsha. Maji yaliwekwa, basi pampu ndiyo imekufa. Mama, nisamehe. Likipoa tunarudi."

"Haidhuru, mwanangu," bibi alisema, lakini macho hayakubanduka kule juu mngurumo wa maji ulikotoka.

Kiherehere alimtazama bibi. Akisema, atakiona cha mtema kuni. Akinyamaza, bibi atarudi bila kuona kitu.

"Baba, pampu haina kosa. Sikuweka maji."

"Si ulisema umeweka?"

"Nilidanganya. Niliona tunachelewa."

Baba alimkazia macho, kisha akashusha pumzi. "Kumbe ni maji tu! Kaa kwenye jiwe lile. Hakuna kugusa kifuniko mpaka injini ipoe."

Lo, kusubiri huko! Magari yaliwapita, watoto wakiwapungia mikono. Kila Kiherehere alipoinuka, baba alisema, "Kaa!" Injini ilipopoa, binti alishuka na chupa kwenye kijito kilichokuwa karibu, akapanda, akashuka tena, mpaka rejeta ikajaa.

Hatimaye bibi alisimama mbele ya maporomoko, uso umelowa, akicheka peke yake. Kiherehere alijificha nyuma ya baba kwa aibu.

"Kutofanya kazi yako ni kosa, nalo hurekebishwa," baba alimwambia. "Lakini uongo ulinifanya nitafute ugonjwa pasipouma. Nusura umnyime bibi yako haya. Ukikosea, sema mapema, hata kama unaogopa."

"Ndiyo, baba. Bibi, nisamehe."

"Nimekusamehe," bibi alisema, akimnyooshea mkono. "Ulisema kweli wakati ilipokuwa ngumu. Sasa nishike, tusogee karibu. Polepole!"