Sasa, Jumlisha Saa Moja

Jua lilikuwa linazama nilipompelekea mjukuu wangu wa kike sweta kazini. Tunamwita Kiroboto, maana tangu utotoni hajui kutulia. Chumba chake pale hospitalini kina baridi, na kazi yake ni kuchunga kompyuta inayoandika, kila sekunde, nguvu ya oksijeni inayokwenda kila kitanda.

Sweta ilikuwa kisingizio. Nilikwenda na hasira zangu.

Wiki ile tulikuwa tumemzika mke mwenzangu. Tuligombania mume miaka thelathini. Mume alipokufa tukabaki kugombania redio. Alikata roho hospitalini hapo, kitanda cha tisa, oksijeni ilipokatika. Na fundi mkuu, wanayemwita Mkubwa, akamtupia mzigo Kiroboto. Eti karatasi ya kompyuta inaonyesha 7:00, saa moja asubuhi, zamu ya mtoto. Kesho afukuzwe, polisi waitwe.

"Saa moja asubuhi?" nikamwambia Kiroboto. "Uongo mtupu! Saa moja nilikuwa namnywesha uji, ananitukana kwamba umepoa. Kafa saa saba mchana, mkono wake umo ndani ya wangu."

Kiroboto akanikazia macho. "Saa saba..." Akaanza kubonyeza. "Bibi, mashine hii huiambii saa. Unaiambia: sasa, toa dakika tano. Hesabu inapiga yenyewe. Lakini hapa kuna mtu kaongeza: toa saa sita."

"Nani?"

"Mkubwa. Saa za kizungu zinamchanganya. Saa saba mchana kompyuta huandika kumi na tatu. Akatoa sita, isomeke saba kama tunavyosema. Kisha karatasi ikasomwa kizungu. Saba ikawa asubuhi."

Na saa saba mchana ilikuwa zamu ya Mkubwa mwenyewe.

Kiroboto akaifuta ile hesabu. Anguko la oksijeni ya kitanda cha tisa likarudi mahali pake, mchana. Kisha akaandika: sasa, toa dakika moja.

Kitanda kile hakijalaliwa tangu mazishi.

Mstari wake kwenye kioo ulipanda... ukashuka... ukapanda.

Ulikuwa unapumua.

Harufu ya dawa ya kifua ya mke mwenzangu ikajaa chumba kizima.

"Bibi," Kiroboto akanong'ona, "sijagusa kitu."

Mlango ukasukumwa. Mkubwa.

"Nani kakutuma kuchokoa hapo? Na wewe mama, toka nje!"

"Mama yako ni yule aliyezaa asiye na haya," nikamjibu. "Sitoki! Ulifunga bomba, ukamsingizia mtoto wa watu?"

"Nililifunga nibadilishe mpira wake tu, mama. Nikasahau kulifungua. Nani hasahau?"

Akasema hivyo, kama mtu aliyesahau mwavuli! Akanyoosha mkono afute kila kitu. Kabla hajafika, vibonyezo vikaanza kugonga vyenyewe. Tak. Tak. Tak.

*Sasa, jumlisha saa moja.*

"Mbele hakuna kitu," Kiroboto akasema. "Mashine haijui kisichotokea."

Mstari ukatokea. Mwanzoni ulipanda kila kifua cha Mkubwa kilipopanda. Akabana pumzi. Nao ukasimama. Mwishoni, saa moja mbele yetu, ulikuwa umelala tuli, kama uzi ulioanguka sakafuni.

Ndipo nikaisikia sauti ile ya kukwaruza, sikioni kabisa.

"Mke mwenza... mwambie aandike."

"Andika!" nikamfokea Mkubwa. "Kwa mkono wako!"

Akaandika, jasho likilowesha karatasi: bomba nililifunga mimi, binti hana kosa. Akatia sahihi. Tukakaa kuingoja saa ile. Ikapita. Akawa mzima, akataka kucheka. Kiroboto akaiuliza mashine tena.

Mstari bado ulilala, saa moja mbele. Maana "sasa" ilikuwa imesogea, na mwisho ule umesogea nayo.

Kiroboto yumo kazini, jina lake safi. Mkubwa walimwondoa, lakini kila jioni hupiga simu. "Imebaki ngapi?"

"Saa moja, Mkubwa."

Nani anaisogeza, na atachoka lini, sijui. Watu wananiambia nimwombee. Nimwombee nini? Saa nzima anapewa, kila siku. Mke mwenzangu hakupewa hata pumzi moja.