Mstari wa Tatu Aliuimba Verlene

"Kama wimbo ndio unaokulisha, Otha, basi uoe huo wimbo."

Verlene akakata simu, akarudi kugeuza samaki kikaangoni. Punde meseji ikaingia:

"Mpenzi, kesho tunafunga ndoa. Wimbo ni biashara tu. Usiniharibie."

Biashara! Gitaa la Otha Pickens lilikuwa limezunguka kutoka Mississippi hadi Ulaya kwa wimbo huohuo: Verlene kapanda basi la Chicago, kamwacha mpenzi wake analia. Kumbe aliyepanda ni Otha. Verlene alibaki stendi, baada ya kumpitishia gitaa dirishani. Na miaka yote hiyo wahuni wa mjini kwao walimuuliza basi linaondoka saa ngapi. Sasa Otha alikuwa amerudi kumwoa, na wimbo bado anauimba.

"Unakwenda kumsikiliza leo kilabuni?" dada yake Ozella akauliza.

"Nakwenda kumjibu."

Mchana ule uwanja wa nyuma ya kilabu ulifurika. Otha alikaa kitini, kofia upande, anajiamini kama kawaida yake. Akaanza:

"Verlene kapanda basi, kaniacha ninalia..."

Akaurudia, maana kwenye muziki wa blues mstari wa kwanza huimbwa mara mbili, na wa tatu ndio jibu. Kabla hajafika huko, Verlene alisimama, aproni ingali kiunoni, akauimba yeye:

"Aliyepanda ni yeye, gitaa nikamshikia!"

Watu wakaangua kicheko.

"Mwambie, dada!" mzee mmoja akadakia. "Otha, umepatikana leo."

Verlene hakuketi. Alimpenda sana mwanaume huyu. Hakuwa tayari kuolewa pamoja na uongo wake.

"Verlene, mbele za watu hivi?"

"Kwani uliniimba chumbani?"

Otha akainamisha kichwa. Alipokiinua, macho yalikuwa na machozi na mdomo unatabasamu. Akakaza uzi mmoja wa gitaa, akaimba taratibu:

"Mimi ndiye nilopanda, Verlene nikamkimbia..."

Otha akaacha kupiga.

"Nisamehe, mama. Kesho utakuja kanisani?"

Verlene akajifuta mikono kwenye aproni, bila haraka.

"Nitakuja. Ila urudie kwanza. Mstari wa kwanza huimbwa mara mbili, na wale wa nyuma hawajasikia."