Vimepokelewa Vyote Vilivyomo

Kitabu cha kwanza kilikuwa na joto. Si joto la kuunguza, bali kama la kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Rusi alikiweka mezani, akatazama kama jua lilikipiga kupitia dirishani. Jua lilikuwa upande wa pili wa jengo. Akapiga mhuri, akaandika namba, akachukua cha pili. Nacho kilikuwa vilevile.

Rusi alikuwa mpokeaji wa vitabu katika maktaba ya chuo kikuu kimoja mjini Kasese, upande wa mto Nyamwamba. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na mmoja, akaijua kama alivyoijua rozari yake. Kitabu cha kununua kina njia yake, na cha zawadi kina yake. Zawadi hufunguliwa mbele ya aliyeileta, huorodheshwa, na orodha hupelekwa kwa kamati ya uteuzi. Kamati husema: hiki tunakitaka, hiki hatukitaki. Ndipo msimamizi wa maktaba husaini, na kuanzia hapo kitu ni cha maktaba.

Ila kamati haikuwa imeketi tangu mwaka juzi. Mara ya mwisho ilikunywa soda, ikaisifu soda, ikaenda zake. Msimamizi, Bwana Davis, hakuona hasara yoyote. Davis alikuwa mtu wa kusaini. Alisaini bila kukaa, mkono ukipita juu ya karatasi kama anafukuza nzi, na kwa saini hiyo, na kwa tasnifu yake aliyoiweka rafuni ghorofani, alijiona msomi kuliko waliosoma. Wakaguzi wa vyuo wangekuja mwisho wa mwezi. Kanuni yao ilitaka vitabu elfu kadhaa kwa idadi ya wanafunzi, naye alikuwa na pengo. Mtu mwenye pengo haulizi jiwe limetoka wapi.

Basi lori dogo lilipofika kutoka Bwera na maboksi arobaini, Davis alitoka mwenyewe hadi uwanjani. Mbele ya lori aliketi Mama Jeanine, mjane wa mfanyabiashara wa Butembo aliyehamia mpakani akatajirika kwa namna ambayo watu wa Bwera waliisimulia kwa sauti ya chini.

"Shefu," mama yule alisema, "mufungule mbele, muone yenye iko ndani."

"Asante, mama. Weka tu pale."

"Shefu, minakuomba. Fungula boksi, utazame."

Davis akamgeukia dereva, akacheka. "Unasikia? Anadhani hapa ni forodha."

"Hii ni mara ya tatu, Shefu. Fungula, tazama, kisha useme kama unaitaka."

"Mama, hapa hatufungui. Tunapokea."

Akachukua fomu ya zawadi, akaandika kwa herufi kubwa: VIMEPOKELEWA VYOTE VILIVYOMO. Akasaini. Rusi alikuwa amesimama karibu, kalamu mkononi; alikwisha kuchoka kumkumbusha kanuni. Mama Jeanine alifumba macho kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Hakungoja hata maji ya kunywa.

Siku ya tatu tangu Rusi avipige mhuri vitabu vile vyenye joto, ilianza harufu, kama ya nyoya la kuku likichomwa kwenye moto wa mkaa. Wanafunzi walifungua madirisha wakasema ni jikoni. Siku ya tano, wanafunzi walipokwenda kula mchana, Rusi alisikia karatasi zikifunuliwa kwenye rafu za juu, moja, kisha moja, kisha moja, polepole, kama mtu anayelowesha kidole ulimini. Akapanda ngazi. Hapakuwa na mtu, lakini palikuwa na sauti, na sauti hiyo aliijua: ya mzee Tsongo, mwalimu wa kilimo aliyezikwa Muhokya mwaka jana. Ilikuwa ikisoma kijitabu chake cha pamba. Pamba ipandwe kwa mistari. Pamba isipandwe penye maji.

Rusi alikivuta kijitabu kutoka rafuni. Kurasa zote zilikuwa nyeupe. Jalada lilibaki, na mhuri wa maktaba ulibaki.

Akakipeleka ofisini. Davis alikitazama bila kukigusa.

"Wino wa bei rahisi," alisema.

"Sebo," Rusi alimwita kwa heshima, "nimesikia kikisomwa."

"Kina mgongo?"

"Kina mgongo."

"Kina namba?"

"Kina."

"Basi kitahesabika. Kirudishe, nyabo, na uache mambo ya kijijini."

Ndipo Rusi alipokumbuka daftari.

Mume wake, Baker, alikuwa katekista. Kwa miaka ishirini aliandika kwa mkono sala na nyimbo za wazee wa milimani, katika daftari moja la jalada gumu. Mto ulipofurika uliondoka na nyumba yao, picha zao za arusi na hata vyombo vya jikoni, lakini daftari lilikuwa mgongoni mwa Baker. Baadaye wakaona ni bora likae maktaba, ghorofani, ambako maji hayafiki. Kamati ile ilikuwa bado hai, ikalikubali. Baker alifariki Kwaresima ya mwaka huu. Duniani hapakuwa na kitu kingine chenye mkono wake.

Rusi alirudi juu mbio, na kabla hajafika kwenye rafu alimsikia, Baker mwenyewe, kwa sauti ile ya asubuhi yenye mkwaruzo kidogo, akisoma sala ya kuombea mbegu, akisimama pale pale alipokuwa akisimama kuvuta pumzi, na Rusi akakaa sakafuni, na ingawa alijua, kwani alikuwa ametoka sasa hivi kuona kurasa nyeupe za mzee Tsongo, alikaa akasikiliza sala hiyo ikaisha, akasikiliza ya pili, akasikiliza ya tatu, machozi yakishuka, akisema moyoni kwamba hii ni ya mwisho, Bwana nisamehe, hii ni ya mwisho, hadi harufu ya nyoya linaloungua ikamjaa kooni akanyanyuka na kulifungua daftari, akaona kurasa kumi na nane hazina kitu, na katika ya kumi na tisa herufi za mumewe zilikuwa zikiondoka moja moja kwa mstari, kama siafu.

Alilifunga kwa kitenge, akatoka nalo nje. Sauti ikatoka naye. Alinyunyiza maji ya baraka aliyopewa na padri. Sauti ikanyamaza kwa muda wa Baba Yetu mmoja, kisha ikaendelea pale ilipoachia.

Akapanda gari la Bwera, kwa mwenye maboksi. Njia nzima Baker alinong'ona ndani ya kitenge, na abiria walidhani ni redio. Kufika Kikorongo, kurasa ishirini na tatu zilikuwa zimekwisha. Bwera, thelathini na moja. Daftari lilikuwa na kurasa themanini.

Mama Jeanine alikuwa dukani kwake, akipima vitambaa. Alimwona, akamvuta nyuma ya pazia.

"Mama, ulituletea nini?" Rusi alinong'ona.

"Nilimuletea Shefu. Mara tatu nilisema. Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Bon. Iko jini. Bwana yangu aliichukua zamani, juu ya mali. Haitupwake. Inapewaka tu, na mwenye kupewa lazima aambiwe atazame. Akikataa kutazama, akapokea, inakuwa yake."

"Nimelinyunyizia maji ya baraka."

"Maji inafukuza mwizi. Ile haikuiba kitu. Ilipewa nyumba na saini juu. Vitu vyote vya nyumba ni chakula yake."

"Lakini hili si la nyumba. Ni la mume wangu."

"Iko na muhuri?"

Rusi alifunua kona ya kitenge. Mhuri aliupiga mwenyewe.

"Mbona inasoma kwa sauti yake?" aliuliza.

"Inasomaka na sauti ya wenye walikufa. Sauti ya muzima haiwezi kuishika, ila kama siku yake ya kufa iko karibu." Mama Jeanine akasikiliza kitenge kidogo, akajipiga ishara ya msalaba. "Alikuwa mutu muzuri. Rudia mbio, dada. Mwenye alipokea, yeye aitoe hiyo daftari mu nyumba na mukono yake."

Rusi alifika Kasese ofisi zikikaribia kufungwa. Alichukua fomu ya kuondoa kitabu, akaijaza, akaiweka mbele ya Davis pamoja na daftari. Baker alikuwa katika sala ya wasafiri.

"Zima simu yako," Davis alisema. "Hiki nini?"

"Daftari la sala, sebo. Naomba liondolewe."

"La katekista?" Alicheka puani. "Halina hata mchapishaji. Nani alilipokea?"

"Kamati. Nawe ulisaini."

"Basi nilijiaibisha. Wakaguzi wakiona takataka hii watasema nini? Toa, toa."

Hakulifungua. Alisaini bila kukaa, na kwa mara ya kwanza dharau yake ilimfaa mtu. Sauti ikakatika katikati ya neno. Ofisi ikawa kimya, na kimya hicho kilikuwa cha kawaida, cha feni na kuku wa jirani. Rusi alihesabu kurasa: thelathini na nne zilikuwa zimesalia. Akalia mbele ya Davis bila kujificha, kwa sababu alikuwa amemzika Baker mara ya pili, na safari hii alijaza fomu mwenyewe.

Wakaguzi walikuja Alhamisi. Walikuwa watatu, na walivaa vizuri. Walitembea kati ya rafu wakihesabu migongo ya vitabu, na hakuna hata mmoja aliyefungua kitabu. Walisifu wingi. Walisifu rangi ya ukuta. Waliondoka na idadi yao iliyotimia, wasomi watatu waliopita katikati ya maelfu ya karatasi nyeupe wakiwa wameshiba.

Davis aliwasindikiza uwanjani, akicheka kwa sauti. Rusi alikuwa mlangoni. Ndipo akasikia, kutoka ghorofani, sauti nyingine ikisoma. Iliwashukuru walimu wake, na mke wake, na Mungu mwishoni kabisa. Ilikuwa sauti ya Davis, na Davis alikuwa pale mbele yake, akimshika mkono mkaguzi.

Mkaguzi, Bi Raihana, aliinua kichwa. "Bwana Davis, huyo si wewe unayesoma?"

"Wanafunzi hao. Hupenda kuniigiza."

Rusi akakumbuka maneno ya Mama Jeanine juu ya sauti ya mzima. Hakumpenda mtu huyu. Lakini alikuwa mjane wa katekista. Alikwenda ofisini mbio, akarudi na fomu ya kuondoa kitabu, akiwa amejaza jina la tasnifu ya Davis, ile yenye jalada jeusi na maandishi ya dhahabu.

"Sebo, nakusihi. Saini hapa. Itoe maktaba leo hii."

Davis aliichukua karatasi. Akaisoma. Aliisoma polepole, kutoka juu mpaka chini, na ilikuwa karatasi ya kwanza ambayo Rusi alimwona akiisoma yote kabla ya kuamua.

"Umefiwa, nyabo," alisema, akairudisha. "Nenda kapumzike. Kazi yangu haitoki humu."

Juu, sauti yake ilikohoa kidogo, kama alivyozoea, ikaanza sura ya pili.