Waya Uliovuka Kichochoro

Nilipanda juu ya paa kuweka dishi sawa, basi. Upepo wa mchana ulikuwa umelisukuma, chaneli za Bombay zikawa zinakatikakatika, na Mama Utsav alikuwa ameshanigongea mlango.

"Kuruthumu, panda wewe. Kwa kilo hizi nikipanda mimi, paa ndilo litakaloshuka."

Mama Utsav ndiye Jasvanti, mama wa Kihindu wa ghorofa ya juu kwenye jengo letu, Mtaa wa Sikukuu. Wanawe wote wako ng'ambo. Walimwachia dishi na kompyuta yenye kadi ya kunasa televisheni. Sisi tuliokulia Bara tulikua bila televisheni kabisa, halafu ghafla biashara zikafunguliwa na kila paa la Kariakoo likaota madishi. Mimi nilikuwa na kompyuta ya mtumba iliyotoka Dubai na kozi niliyosoma jioni jioni baada ya kazi. Kwa hiyo tukaungana. Kompyuta yake inarekodi tamthilia. Waya unashuka kwa ukuta wa nje hadi chumbani kwangu ghorofa ya kwanza. Faili zinapita humo, mimi nazichoma kwenye CD, na kina mama wa Kisutu wanazisubiri kama dawa.

Waya zote zilikutana kwenye kijisanduku cha taa za kijani, tunakiita swichi, tulichokipigilia ukutani kwenye mlango wa kutokea paani.

Nilikuwa nakaza nati ya dishi. Adhana ya magharibi ilikuwa inaanza.

"Mama Shamsa."

Niligeuka. Jengo la pili limebanana na letu, kichochoro tu kinatenganisha. Kwenye dirisha lake la juu alisimama mwanamke, kanga kichwani, chumbani hakuna taa. Uso sikuuona vizuri. Ila harufu ilinifikia... karafuu iliyoungua.

"Niazime waya, mwenzangu," akanong'ona.

"Waya gani?"

"Huo uliobaki." Alionyesha roli ya waya iliyokuwa karibu na mguu wangu. "Nina kompyuta. Na nina mtoto humu ndani, hatoki. Hana wa kuzungumza naye. Nataka asikiesikie watu."

Marehemu mama yangu alinifunza. Ikiingia magharibi, chumvi haitoki nyumbani. Sindano haitoki. Moto hautoki, hata aje nani, hata alie vipi. Nimezishika hizo zote hadi leo na sijawahi kumpa mtu chumvi jioni.

Waya, mama hakuutaja. Hakuujua.

Nami nilikuwa nimesimama tangu asubuhi, maharage yako jikoni, mume wangu yuko safarini na lori Tunduma, nguo za shule hazijafuliwa. Nilitaka nishuke. Nikachomeka ncha moja kwenye swichi, nyingine nikairusha ng'ambo.

Aliidaka bila kuitazama. Alikuwa ananitazama mimi.

"Nitachukua kidogo kidogo tu," akasema.

Siku ya kwanza, tamthilia ya Jumanne haikuonekana.

"Wewe umekula Jumanne yangu?" Mama Utsav alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mkwe alikuwa anapewa maziwa yenye sumu. Kesho nitaishije mimi bila kujua kama amekunywa?"

"Mimi sijagusa, mama. Huko kwako je?"

"Kwangu hamna. Ilikuwapo, sasa hamna."

Nikadhani ni yule jirani, hajui kutumia. Kuna kunakili na kuna kuhamisha. Ukinakili, faili inabaki ilipokuwa na nyingine inakwenda kwa mwenzako. Ukihamisha, inaondoka. Nikasema nitampandia nimwelekeze. Nilipopanda, dirisha lilikuwa limefungwa. Waya ulipita chini ya fremu, umekazwa kama kamba ya kuanikia nguo.

Wiki ile Shamsa aliacha kuimba.

Shamsa ni mwanangu, ana miaka saba, sina mwingine. Mtoto huyu alikuwa anasema tangu anafumbua macho. Anasoma mabango kwa sauti. Anamuuliza muuza kahawa kwa nini meno yake hivi. Anaongea mswaki ukiwa mdomoni. Kwa hiyo alipoacha kuimba nilishukuru, nikalala mchana wa Jumapili kama binadamu.

Baadaye akaacha kuuliza. Halafu mwalimu wa madrasa akaniita. "Anafungua mdomo, mama, lakini hakitoki kitu. Nilidhani ananifanyia masihara, nikamkaripia. Akatoa machozi tu."

Nilimpeleka zahanati, nikampeleka na kwa daktari wa koo. Alimulikwa hadi akatapika. Koo zima. Masikio mazima. Daktari akaniuliza kama mtoto ameona jambo baya nyumbani. Nikamjibu kwamba kwangu mtoto anaona ugali na daftari.

Jioni Shamsa alikaa kando yangu akinivuta kanga. Alitaka kusema. Midomo inakwenda, shingo inakaza, halafu...

Hakuna.

Mwaka huu ndio wa mgao mkali wa umeme. Siku moja umeme ulikatika kabla giza halijaingia, Kariakoo yote ikazima, jenereta za madukani zikaanza kunguruma. Niliweka wali kwenye jiko la mkaa koridoni, nikapanda kuanua nguo. Shamsa nyuma yangu, amenishika nguo.

Tukafika juu. Nikasimama.

Taa za swichi zilikuwa zinawaka.

Umeme hakuna. Nilijaribu kubonyeza taa ya ngazi, haikuwaka. Nikaushika waya wa umeme wa swichi, nikauchomoa kabisa ukutani.

Zikaendelea. Kijani... kijani... kijani. Zinapepesa haraka, kama pale faili kubwa inapopita.

Na upande wa pili, nyuma ya dirisha lililofungwa, mtoto akasema:

"Mama, wali unaungua."

Nilimtazama Shamsa. Alikuwa kando yangu, mdomo umefumba. Kidole chake kilikuwa kinaonyesha chini, kwenye ngazi.

Nikasikia harufu. Wali wangu ulikuwa unaungua.

"Mama," ile sauti ikasema tena, sauti ya mwanangu, na ule uchovu wake wa kurudia jambo mara ya pili. "Mama, nimekwambia wali unaungua."

Sikupiga kelele. Nilimbeba Shamsa, mzito alivyo, nikagonga kwa Mama Utsav.

Alinisikiliza mshumaa ukiwa katikati yetu. Hakucheka. Alipomaliza kusikiliza aliuliza jambo moja tu.

"Ulimpa saa ngapi?"

"Magharibi."

"Ah, Kuruthumu." Akafunika mdomo kwa ncha ya sari. "Hata sisi jioni hatutoi chumvi. Hatutoi maziwa ya mgando."

"Niliambiwa chumvi, mama. Hakuna aliyeniambia waya."

"Hii ni ile mnayoita chuma ulete. Sokoni mtu anakugusa bega, gunia lako linapungua, la kwake linajaa. Huyu umemwekea mfereji kabisa."

Nilisimama. "Nakwenda kuukata."

"Kaa." Alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi. "Ukikata sasa, kilichoko kule kitabaki kule. Wewe umesoma, mimi sikusoma. Si ndivyo?"

Ndivyo.

"Basi umeme ukirudi, kwanza urudishe. Halafu ukate."

Umeme ulirudi watu wakiwa bado wanapika. Mtaa mzima ulishangilia kama kawaida. Nikakaa kwenye kompyuta ya Mama Utsav, iliyoko chini ya dirisha linalotazama kichochoro. Shamsa alikaa mapajani kwangu.

Nikafungua orodha ya kompyuta zilizounganishwa. Ya Mama Utsav. Yangu. Na ya tatu, haina jina, mahali pa jina ni patupu.

Ndani kulikuwa na folda moja. Haikufungwa wala kufichwa. Jumanne ya Mama Utsav ilikuwamo, na nyingine zilizopotea. Chini yake faili ndogo ndogo za sauti, nyingi, hazina majina wala tarehe. Nikabofya mojawapo.

Shamsa anacheka.

Nikabofya nyingine. Shamsa anahesabu ngazi. Nyingine. Shamsa anamwambia muuza kahawa shikamoo.

Shamsa mapajani alinivuta kanga. Nikabofya nyingine.

Hakuwa Shamsa. Alikuwa mtoto mwingine, mdogo zaidi, anakohoa. Kisha akasema taratibu, "Mama upo?" Basi. Hapo ikakatika.

"Huyo ni nani?" Mama Utsav alinong'ona.

"Sijui."

Nikachagua faili zote kwa pamoja, nikaamuru zihame, zije kwetu. Mstari wa bluu ukaanza kutambaa kwenye kioo. Polepole. Taa ya balbu ikafifia, ikarudi. Umeme ukikatika katikati, sijui kitabaki nini upande gani.

Dirisha la ng'ambo likafunguliwa.

Ile harufu ikaingia. Karafuu iliyoungua. Alisimama pale, safari hii nikamwona uso. Alikuwa mwanamke wa kawaida tu, umri wangu, macho ya mtu asiyelala. Ningekutana naye bombani nisingegeuka mara ya pili.

"Mama Shamsa," akanong'ona. "Chukua wa kwako."

Mstari ulikuwa haujafika nusu.

"Chukua wako wote. Sina neno. Mmoja humo ni wangu. Niachie wangu."

"Kuruthumu," Mama Utsav alisema, "mwachie huyo mmoja. Simamisha, umtafute."

"Ni yupi? Hazina majina. Nikisimamisha na umeme ukakatika je?"

"Ni mama mwenzako."

"Alikuwa anajua kwamba na mimi ni mama."

Yule mwanamke aliushika waya pale ulipoingia dirishani kwake. Nilidhani atauvuta, aung'oe. Hakuuvuta. Aliushika kwa mikono miwili, kwa uangalifu, kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa. Ndipo nilipoelewa kwamba hata yeye aliogopa kuukata.

"Mwanangu hali mwenyewe," akanong'ona. "Lazima alishwe sauti za wengine ndipo aseme. Niliona wako ana maneno mengi... nikasema hatapungukiwa. Mama Shamsa. Nakuomba."

Balbu ikafifia tena.

Mkono wangu ulikuwa kwenye kipanya. Sikusimamisha.

Mstari ukafika mwisho.

Ng'ambo hakulia mtu. Mwanamke alibaki ameinamisha kichwa, ametega sikio ndani ya chumba chake chenye giza. Alisikiliza. Akasikiliza sana. Nikapanda ngazi za paa na mkasi wa jikoni, nikakata waya, ncha yake ikaangukia kichochoroni. Nilipotazama, dirisha lilikuwa wazi na hakuna mtu.

"Mama," Shamsa alisema nyuma yangu, kwa sauti ya kukwaruza. "Wali uliungua. Nilikwambia."

Nilikaa pale pale kwenye ngazi.

Asubuhi nilikwenda jengo la pili. Mlinzi wake, Mzee Mwinyimvua, alikuwa anafagia mlangoni. Nikamsalimu, nikamuuliza mpangaji wa chumba cha juu.

"Amehama alfajiri. Kaacha kila kitu, hata kompyuta."

"Na mtoto wake?"

Alisimamisha ufagio. "Mtoto wake tulimzika masika, mama. Kifua. Nilibeba jeneza mimi mwenyewe, lilikuwa jepesi." Akatazama juu dirishani, akapunguza sauti. "Ila nami nitasemaje? Wiki hizi zote nilikuwa namsikia anaongea."

Nilimuaga. Nilikuwa nachelewa kazini.

Ni miezi sasa. Tamthilia tumeacha. Mama Utsav ameliuza dishi. Anasema mkwe afe au apone, yeye hataki tena kujua. Bado hunisalimu, ila hanitanii kama zamani. Shamsa anasema kama kawaida yake, toka asubuhi, mpaka namwomba apumzishe masikio yangu.

Faili zile nilizihamishia kwenye kompyuta yangu. Za Shamsa hazibadiliki. Ile moja, ya mtoto anayekohoa, sikuweza kuifuta. Si kwamba nimejaribu ikakataa. Naweka kidole, kidole hakibonyezi. Yule mama nimemuulizia Buguruni, nimemuulizia mpaka Posta kwa wauza magazeti. Hakuna anayemjua.

Na faili inakua. Kompyuta haina waya ila wa umeme siku hizi, imesimama peke yake kwenye kona, lakini kila nikiitazama faili ni kubwa kuliko jana. Mwanzo ilikuwa "Mama upo?" tu. Sasa kuna mengine. Anauliza giza litaisha lini. Anauliza yuko kwa nani.

Jana nilirudi kutoka sokoni nikamkuta Shamsa amekaa mbele ya kompyuta, miguu haifiki chini, anaongea na kujibiwa. Spika zilikuwa zimezimwa. Nilihakikisha mimi mwenyewe.

"Mama," akasema, "anauliza kama sasa wewe ndiye mama yake."

Nilikuwa na kapu mkononi. Nyanya, mkaa, mafuta ya taa. Nilikuwa nimechoka. Nikasema kile ninachomwambia siku zote anapokuja mtu nisiyetaka kumwona.

"Mwambie sipo."

Shamsa akageuka, akamwambia. Kisha akatega sikio, muda mrefu, akitikisa kichwa taratibu kama mtu anayeelezwa jambo.

"Nimemwambia," akasema. "Anasema atasubiri."